Kabla hujasema dawa imeongeza makali ya mionzi

Ukishazitia seli dawa na kuzipiga mionzi maabarani, kesho yake utatamani kuchungulia kwenye hadubini. Chungulia, lakini usihukumu. Seli nyingi ambazo DNA yake imekatwa na mionzi hazifi papo hapo. Hugawanyika mara moja, mbili, hata tatu, ndipo zinaposhindwa. Kwa sababu hiyo kipimo cha makoloni (makundi ya seli, kila kundi likitokana na seli moja), kilichoelezwa na Puck na Marcus mwaka 1956, ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Unapanda seli chache, unasubiri siku 10 hadi 14, unatia rangi ya kristali vayoleti, kisha unahesabu makoloni yenye seli 50 au zaidi. MTT, njia nyingine ya kupima uhai wa seli, ni ya haraka, nakubali, ila inapima shughuli za kimetaboli, na seli iliyokwisha kupoteza uwezo wa kuzaa huweza kuendelea na shughuli hizo kwa siku kadhaa.

Sasa kosa lililoniuma. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda seli 200 kwa kila sahani. Zisizoguswa zilitoa makoloni 120, mionzi peke yake 48, dawa pamoja na mionzi 24. Nikamkimbilia msimamizi wangu kumweleza kwamba dawa imeongeza makali ya mionzi. Akaniuliza, "Sahani ya dawa bila mionzi iko wapi?" Sikuwa nayo. Niliporudia kazi yote, dawa peke yake iliacha makoloni 60. Piga hesabu: dawa inabakiza nusu, mionzi inabakiza asilimia 40, na nusu ya 40 ni 20. Makoloni 24 kati ya 120 ni hiyo hiyo asilimia 20. Kila kimoja kiliua kivyake, wala hakuna kilichomwongezea mwenzake nguvu.

Kwa hiyo sahani za aina zote nne ziwepo kila mara. Zile zisizopewa dawa zitiwe kiyeyushi chake kwa kiasi kile kile, na zisizopigwa mionzi zibebwe hadi kwenye mashine na kurudishwa pamoja na nyingine, maana kupoa njiani nako kunazisumbua seli. Kwenye dozi kubwa panda seli nyingi zaidi. Makoloni matatu hayakupi jibu.

Saa nazo ziandike. Dawa kabla ya mionzi na dawa baada ya mionzi ni majaribio mawili tofauti. Tena ukipanda leo ukapiga mionzi kesho, baadhi ya seli zitakuwa zimeshakuwa mbili mbili. Ikifa moja, ya pili inaota koloni, nawe utadhani seli zako ni sugu.

Wakati wa kuhesabu, mwombe mwenzako afunike lebo. Ukijua sahani ipi ina dawa, yale makundi ya seli 48 au 52 utayahesabu unavyotaka wewe. Mimi nafunikiwa mpaka leo.