Kusoma figo la samaki baada ya jentamisini: anza na mizani

Anayeanza kazi hii ya kuumiza figo la samaki kwa jentamisini, antibiotiki inayoweza kudhuru figo, kisha kulisoma linavyopona, huwa na shauku ya kuona nefroni mpya, yaani vichujio vidogo vya figo pamoja na mirija yake, na ni haki yake. Mamalia hutengeneza mirija ya figo iliyoumia, lakini mtu mzima hapati nefroni mpya, samaki anazipata. Hata hivyo, majibu mengi huharibika mapema, kwenye dozi.

Kwa zebrafishi, samaki mdogo wa maabara, tunatumia sindano moja ya tumboni, miligramu 80 za jentamisini kwa kilo. Samaki wa nusu gramu anahitaji mikrogramu 40. Chukua kichupa cha kawaida cha miligramu 80 kwa mililita 2, uzimue dawa mara 20 kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kisha mdunge mikrolita 20. Mpime kila samaki peke yake. Ukimpa dozi hiyohiyo mwenye gramu 0.3, umempa miligramu 133 kwa kilo, na huenda akafa kabla figo halijaanza kupona.

Kesho yake chungulia ndani ya bika lake, chombo cha maji anamokaa, kwenye sakafu yake. Vipande vyeupe kama nyuzi ni mabaki ya seli za mirija ya mwanzo: hizo ndizo zinazoifyonza dawa, zikafa na kubanduka. Asiyetoa nyuzi hizo usimhesabu kuwa ameumia.

Usilivute figo likiwa bichi. Ni jembamba, limegandamana na uti wa mgongo, litachanika. Toa utumbo, tumbukiza kiwiliwili kizima kwenye fomalini ya asilimia 10 usiku kucha, ndipo ubandue. Aliyekutwa amekufa majini mwache: seli zilizooza zinafanana mno na zilizouawa na dawa.

Sasa slaidi. Siku ya 7, ukitia slaidi rangi za hematoksilini na eosini, utaona vifundo vya seli za zambarau iliyokolea. Hapa ndipo wengi hukosea, maana figo la samaki pia hutengeneza damu, na seli changa za damu zina rangi hiyohiyo. Za damu zimetawanyika ovyo. Za nefroni zimejipanga kwa duara, zina ukingo, baadaye tundu katikati, na mara nyingi zimeegemea mrija wa zamani. Linganisha na samaki waliodungwa maji ya chumvi tupu, kwa sababu hata mzima anayekua huongeza nefroni chache.

Kifundo si figo linalofanya kazi. Mnamo siku ya 15 dunga dekstrani inayong'aa (sukari ya molekuli kubwa), yenye uzito wa molekuli wa kilodaltoni 40. Mrija mpya ulioungana na mfumo utaifyonza na kung'aa.