"Nimeagizwa": barua ya Waziri wa Makoloni naipata wapi?

SWALI: Mbukwenyi. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Kongwa. Kwenye sanduku la marehemu babu, aliyekuwa karani enzi za mradi wa Waingereza wa kulima karanga hapa, nimekuta karatasi nyembamba ya mwaka 1948, imepigwa taipu kwa Kiingereza. Inatoka kwa Katibu Mkuu wa Serikali, Dar es Salaam, kwenda kwa Mkuu wa Jimbo la Kati, Dodoma. Inaanza kwa kusema mwandishi "ameagizwa" na Gavana kurejea barua ya Waziri wa Makoloni. Barua hiyo naipata wapi? Na je, inatosha kusema London ndiyo iliyoamua?

JIBU: Mbukwa, mwalimu. Kabla ya yote, usiikunje tena hiyo karatasi na usiibandike selotepu hata kama imechanika. Gundi ya selotepu inakula karatasi.

Picha uliyonitumia inaonyesha herufi zilizotandaa kidogo, yaani ni nakala ya kaboni. Juu kulia kuna 47 kwa wino mwekundu. Hiyo ni namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, na karani yeyote wa masijala pale Mtumba angeitambua leo hii. Maana yake karatasi yako imetoka ndani ya jalada, na mbele yake kulikuwa na folio 46. Ndiyo maana namba ya kumbukumbu iliyo juu kushoto ina thamani kuliko saini. Inakili yote, na herufi na alama za mkwaju (/) zake.

Sasa njia ya barua. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, wa Mpwapwa, ambaye Kongwa ilikuwa chini yake, hakuwa na ruhusa ya kuandika London. Alimwandikia Mkuu wa Jimbo hapa Dodoma, huyu akamwandikia Katibu Mkuu wa Serikali, na Gavana ndiye aliyemwandikia Waziri. Majibu yalishuka kwa ngazi zizo hizo. "Nimeagizwa" ni lugha ya ofisi: anayeandika anasema kwa niaba ya Gavana, maoni yake binafsi hayamo. Na kila ngazi ilichukua kilichoihusu tu, kwa hiyo usichukulie karatasi yako kuwa ndiyo maneno ya Waziri.

Barua ya Gavana ilipofika London iliandikishwa masijala, ikapewa namba na kuwekwa jaladani. Ofisa wa chini aliandika dokezo la kwanza, yaani maoni yake ndani ya jalada, wa juu yake akaongeza lake, mpaka jambo zito limfikie Waziri, ambaye mwaka huo alikuwa Arthur Creech Jones. Ndipo rasimu ya jibu ikaandaliwa. Ninakusihi usome madokezo hayo kabla ya barua yenyewe. Barua inasema kilichokubaliwa. Dokezo linakuonyesha nani alipinga, nani alihofia gharama, na sentensi ipi ilifutwa kwa kalamu.

Kwa hiyo unatafuta sehemu mbili. Jibu lililotiwa saini lilikuja Dar es Salaam, basi anzia kwenye majalada ya Sekretarieti (ofisi ya Katibu Mkuu wa Serikali) yaliyoko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Rasimu na madokezo yalibaki Uingereza, katika Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London, kwenye mfululizo wa majalada ya Wizara ya Makoloni uitwao CO 691, wenye mawasiliano ya Tanganyika ya 1916 hadi 1951. Orodha yake unaipekua bure kwenye intaneti. Ukikuta pengo jaladani, kumbuka pia kwamba kuelekea uhuru Waingereza waliteketeza baadhi ya nyaraka na nyingine wakazisafirisha kwao. Zilizosafirishwa zilianza kufunguliwa kwa umma mwaka 2012, zimo kwenye mfululizo mwingine wa Kew, FCO 141, na za Tanganyika zimo humo.

Kuhusu nani aliamua, kwa Kongwa lazima uulize: London ipi? Mradi ule wa karanga, uliotangazwa Februari 1947 kwa makadirio ya pauni milioni 25 na zaidi ya ekari milioni 3, haukuwa mikononi mwa Wizara ya Makoloni. Ulikuwa wa Wizara ya Chakula, chini ya John Strachey, kwa sababu Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Mwanzoni kazi ilisimamiwa na kampuni ya United Africa, na mwaka 1948 ikachukuliwa na shirika la serikali, Overseas Food Corporation. Shirika hilo liliwajibika kwa Wizara ya Chakula, wala halikulazimika kupitisha barua zake kwa Mkuu wa Jimbo. Ukisoma CO 691 peke yake utadhani Gavana na Waziri wa Makoloni ndio waliokuwa wakiamua visiki ving'olewe vipi pale Kongwa, kumbe nusu ya mazungumzo imo kwenye majalada ya Wizara ya Chakula. Ukiandika habari hii, sema "barua inarejea barua ya Waziri wa Makoloni", uishie hapo mpaka uone madokezo ya wizara zote mbili.

Nitumie namba ya kumbukumbu kamili na tarehe, pamoja na muhuri wowote ulio nyuma ya karatasi. Muhuri wa "imepokelewa" ukiwa na tarehe, tutajua karatasi ilifika ofisi ipi, na pengine ilimfikiaje babu yako.