Sindano ya usingizi kwa mgonjwa wa siku za mwisho: ni tiba au ni kuua?

Barua za mwezi huu kutoka Moshi na Arusha zimegusa jambo moja, nasi tumezikusanya pamoja. Wanajibu daktari na muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito, pamoja na wakili.

Shikamooni. Baba yetu ana miaka 71, saratani ya ini imeshaenea. Siku tatu hizi halali, anapiga kelele, anavua nguo, na mofini ya maji haimsaidii tena. Daktari amependekeza achomwe dawa ya usingizi hadi Mungu atakapomchukua. Kaka yetu mkubwa amepiga simu kutoka Dar, anasema huko ni kumuua polepole. Tufanyeje? — Binti, Kiboriloni, Moshi

Marahaba, na poleni sana. Kabla ya swali la kaka yenu kuna jingine: je, wakati wa sindano hiyo umefika? Mgonjwa anayehangaika namna hiyo huenda ana tatizo linaloondolewa. Mwombeni daktari au muuguzi ambonyeze chini ya kitovu. Kibofu kilichojaa huhisika kama mpira mgumu, na mtu asiyeweza tena kusema amebanwa na mkojo hulisema hilo kwa kuhangaika. Akiwekewa mpira wa mkojo anaweza kutulia bila dawa nyingine. Waangalie na choo, maana mofini hufunga choo, na anayeinywa bila dawa ya kulainisha hupata shida kubwa. Waangalie homa. Kisha waiangalie mofini yenyewe.

Kosa tunaloliogopa zaidi liko hapo. Mkojo ukipungua, mabaki ya mofini hurundikana mwilini. Mgonjwa huanza kurusharusha mikono, huona watu wasiokuwepo, hulia akiguswa. Familia huona maumivu yamezidi, dozi inaongezwa, naye anachafuka zaidi. Mofini ni dawa ya maumivu na ya kubanwa na pumzi. Si dawa ya kumlaza mtu, na anayeitumia hivyo anaharibu dawa mbili kwa mpigo, ya maumivu na ya usingizi.

Yote hayo yakishaangaliwa, mateso yakabaki palepale, na dalili zikaonyesha kwamba zimesalia saa au siku chache, basi usingizi wa tiba una nafasi yake. Huu si nusu kaputi ya chumba cha upasuaji. Dawa inayotumika zaidi ni midazolamu, inayopitishwa chini ya ngozi kwa pampu ndogo ya sindano. Miongozo ya Ulaya huanza na miligramu 0.5 hadi 1 kwa saa, na kupanda kidogokidogo kadiri mateso yanavyodai. Tumetaja kipimo ili mwone udogo wake. Kuipima na kuitoa ni kazi ya wahudumu. Kwa ini lililochoka kama la baba, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo waanze chini na wapandishe taratibu. Pasipo na pampu huchomwa sindano ndogondogo kwa kupokezana. Hapo hatari ni pengo: midazolamu huisha nguvu mapema, na muuguzi akichelewa mgonjwa huamka kwa hofu.

Mwanzoni aangaliwe kila baada ya dakika 20 hivi, mpaka atulie. Baadaye angalau mara tatu kwa siku. Atazamwe paji la uso kama limekunjamana, pumzi, na kama anaitika akiitwa. Akitulia huku bado anafumbua macho, dozi inabaki hapohapo, haiongezwi kwa sababu tu kifo kimechelewa. Mofini ya maumivu nayo iendelee kwa kipimo kilichorekebishwa, maana aliyelala bado anaweza kuumia, ila hawezi kusema.

Sasa kaka. Mwambieni kwamba kinachoua ni ugonjwa. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha wagonjwa 267 waliopewa usingizi wa tiba na 251 ambao hawakupewa: muda wa kati wa kuishi ulikuwa siku 12 kwa kundi la kwanza na 9 kwa la pili. Usingizi uliotolewa kwa kipimo sahihi haukuwafupishia maisha. Lakini msimzunguke kaka. Apigiwe simu, aongee na daktari mwenyewe, na kama baba bado ana saa za utulivu, baba aulizwe kwanza. Mwenye akili timamu ndiye mwenye neno. Kikao cha ukoo hakimfuti. Na muage kabla ya sindano ya kwanza, kwa sababu huenda asizungumze tena.

Mimi ni muuguzi, Usa River. Daktari anaandika, mimi ndiye nachoma. Mgonjwa akifariki saa mbili baadaye, si mimi nitakayeitwa polisi?

Hofu yako ina msingi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 203, inamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata kama alichofanya ni kuharakisha kifo cha mgonjwa ambaye ugonjwa ungemuua tu. Kwa hiyo "alikuwa anakufa hata hivyo" si utetezi. Na dhamira ovu ya kifungu cha 200, ile inayofanya kifo kihesabiwe mauaji ya kukusudia, haihitaji chuki: kujua kwamba tendo lako yumkini litaua kunatosha.

Kinachokulinda basi ni kwamba dozi inayopandishwa hatua kwa hatua, ikifuata dalili, si dozi ambayo yumkini itaua. Nchini Uingereza, ambako sheria yetu ya jinai imechipukia, swali hili lilifika mahakamani mwaka 1957 katika kesi ya daktari John Bodkin Adams. Jaji Devlin alieleza kwamba daktari ana haki ya kufanya yote yanayofaa na yaliyo ya lazima kuondoa maumivu, hata kama hatua hizo zitafupisha uhai bila kukusudiwa. Adams aliachiwa. Mwaka 1992 daktari Nigel Cox alitiwa hatiani kwa kujaribu kuua, baada ya kumchoma mgonjwa wake potasiamu kloridi. Dawa hiyo haipunguzi maumivu, inasimamisha moyo. Kesi hizo hazizibani mahakama zetu, ila zinaonyesha jaji hutazama nini: dawa gani, kiasi gani, kwa sababu gani.

Nia, dada, husomeka kwenye chati. Andika hivi: "Saa 8:10 mchana. Anahangaika, amekunja uso, hajibu akiitwa. Midazolamu mg 2.5 chini ya ngozi. Saa 8:30. Ametulia, anafumbua macho akiguswa bega, pumzi 16 kwa dakika. Haikuongezwa." Mistari hiyo ina uzito kuliko wakili yeyote. Juu yake yawepo maelezo ya daktari: dalili ipi imegoma, nini kilijaribiwa kikashindikana, nani alielezwa na akakubali. Daftari la DDA, linaloandikwa dawa zinazodhibitiwa kama mofini, lisainiwe na wawili. Agizo la simu lisilo na kipimo, au dozi kubwa ya ghafla isiyo na sababu iliyoandikwa, usilitekeleze. Uliza, na uandike kwamba umeuliza.

Mama amelala kwa dawa siku ya pili, hawekewi dripu wala hapewi chakula. Shangazi anamnywesha mtori kwa kijiko akisema tunamuua kwa njaa. — Ngaramtoni, Arusha

Mzuieni shangazi kwa upole, leo hii. Mtu aliyelala hawezi kumeza salama. Mtori unaingia kwenye njia ya hewa, anakabwa au anapata nimonia. Kuhusu maji, mwili unaozimika hauyatumii kama wa mtu mzima wa afya: dripu nyingi huishia kuvimbisha miguu na kuongeza makohozi yanayokoroma kooni. Hata hivyo kulaza na kusimamisha maji ni maamuzi mawili tofauti. Kila moja lina sababu zake, na mna haki ya kuelezwa la maji peke yake.

Mpeni shangazi kazi, maana mkono wake unatafuta cha kufanya. Kitambaa laini au pamba iliyokamuliwa vizuri, imelowa maji safi, apanguse midomo, ufizi na ulimi kila baada ya saa mbili. Midomo ipakwe mafuta. Mama alazwe ubavu, mto mgongoni, ageuzwe kila baada ya saa chache.

Mume wangu anasema amechoka, ananiomba nimpe chupa nzima ya mofini. — Njiro, Arusha

Pole mama. Usimpe, na usimgombeze. Kumsaidia mtu ajiue ni kosa chini ya kifungu cha 216, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Lakini ombi hilo lina kitu ndani yake. Muulize ni nini hasa kimemchosha: maumivu ya usiku, harufu ya kidonda, aibu ya kuoshwa na watoto, deni la hospitali? Majibu hayo mpelekee muuguzi wa tiba shufaa leo, pamoja na maneno aliyoyasema. Mengi yana dawa au msaada, na huzuni nzito nayo inatibika. Mpaka hapo asiachwe peke yake, na chupa ikae kwako, mahali pa kufungwa. Arusha, timu ya Hospitali ya Selian imezoea kuwafuata wagonjwa majumbani. Moshi, ulizieni Hospitali ya KCMC.

Je, dini zinaruhusu? Na akilala, atasali vipi? — Machame

Mwaka uleule wa 1957 Papa Pius XII aliwajibu madaktari kwamba dawa kali zinaruhusiwa hata zikipunguza fahamu, pasipo na njia nyingine. Aliongeza kwamba anayekufa asinyimwe fahamu bila sababu nzito. Kwa familia za Kiislamu, tunalolisikia zaidi ni hamu ya mgonjwa kutamka shahada. Haya yote yana njia: usingizi unaweza kutolewa kwa saa 24 hadi 48, kisha dozi ikapunguzwa ili aonekane alivyo. Kama mchungaji anakuja saa nne asubuhi, muuguzi aambiwe tangu jioni ya kuamkia siku hiyo.