Mjane wa Barua Pepe na Fedha za Bati za Madrasa

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni katibu wa madrasa yetu hapa Ujiji. Ilitujia barua pepe ya mwanamke anayesema ni Muislamu, mjane, anaumwa saratani, hakujaaliwa mtoto, na mumewe kaacha benki dola milioni 2.8. Anataka zijenge msikiti na nyumba ya mayatima kabla ndugu wa mume hawajazichukua. Akatuunganisha na wakili wake, naye akataka dola 150 za kufungua faili. Mwenyekiti akaagiza zitoke shilingi 390,000 kwenye mchango wa bati. Nilipinga, lakini saini yangu ipo pamoja na yake na ya mweka hazina. Sasa wakili anataka dola 1,450 za cheti. Ustadhi mmoja wa kamati anasema kumdhania vibaya Muislamu ni dhambi, na sadaka haikaguliwi. Je, tutoe? Na zile za kwanza nina dhima nazo? Usingizi sipati, maana waliochanga ni akina mama wauza mawese na vijana wa dagaa.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Dada yetu, msitoe hata senti. Mjane hayupo, wakili hayupo, cheti hakipo. Anayeandika kwa majina yote hayo ni mtu mmoja au genge moja, na mkilipa dola 1,450 itafuata kodi ya kuhamisha, kisha hati ya kuthibitisha kuwa fedha si za magaidi, kisha bima, mpaka mfuko ukauke. Utapeli huu watu wameuzoea kwa jina la 419, namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria, ingawa wanaoufanya wametapakaa nchi nyingi. Ni ndugu wa ule ujumbe wa simu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ila huu umevaa kanzu.

Kilichonisumbua zaidi ni hoja ya huyo ustadhi, kwa sababu anailisha kamati makosa kwa kijiko cha dini. Aya aliyoishika ni ya 12 katika Suratul Hujurat, nayo inasema baadhi ya dhana ni dhambi. Baadhi, si zote. Laiti angerudi nyuma aya sita tu katika sura hiyo hiyo, angekuta Allah anaamrisha kwamba akija fasiki na habari ichunguzwe, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Dhana njema ni haki ya Muislamu ambaye uislamu wake na mwenendo wake unauona. Huyu hamjamwona, hamjui jina lake la kweli wala anakoishi. Wanazuoni wa hadithi humwita mtu wa namna hiyo majhuli, na riwaya yake hawaipokei hata katika jambo dogo la kupaka maji juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, wakati wa udhu. Ibn Sirin, mwanachuoni wa kizazi kilichofuata Maswahaba, amepokewa katika utangulizi wa Sahihi Muslim akieleza kuwa ilipotokea fitna watu walianza kuambiana: tutajieni watu wenu, yaani mliowasikia hadithi hiyo kwao. Je, hao walikuwa na dhana mbaya? Kama jina lilidaiwa kwa ajili ya sentensi moja, ustadhi anaona uzito gani kulidai kwa dola milioni 2.8?

Na ajabu ni kwamba kamati nzima ya madrasa, yenye watu waliosoma faraidhi, elimu ya mirathi, haikuisoma ile barua kwa faraidhi. Mwanamke anasema hana mtoto. Basi, kama mume hakuacha mtoto kwa mke mwingine, fungu lake ni robo baada ya madeni na wasia: dola 700,000. Robo tatu zilizobaki ni za hao ndugu wa mume anaowakimbia. Yeye naye yu katika maradhi ya mauti, na sadaka ya mwenye maradhi hayo huhesabiwa kama wasia: haivuki theluthi ila warithi wake wakiridhia, kwa hadithi ya Saad bin Abi Waqqas. Theluthi ya robo ni kama dola 233,000. Kwa hiyo hata angekuwa mkweli, sehemu kubwa ya fedha hizo ni haki ya warithi, na mnaalikwa kusaidia kuwadhulumu, tena kwa siri. Barua nyingine za aina hii ni mbaya zaidi: huwa zinakutaka ujiandikishe kuwa ndugu wa marehemu usiyemjua ili mgawane. Huo ni ushahidi wa uongo kabla hujapoteza shilingi. Na anayesema hata zikiwa za wizi zitatakasika msikitini, ajibiwe kwa hadithi aliyoipokea Muslim: Allah ni mwema, hapokei ila kilicho chema.

Mkitaka kumtuliza mwenyekiti, jaribio ni moja tu. Jiulizeni: wakili akiambiwa akate dola zake 1,450 humo humo kwenye milioni 2.8, atajibu nini? Benki ya kweli hukata ada kwenye fedha yenyewe. Tapeli atasema akaunti imefungwa kisheria mpaka mlipe kwanza. Hilo mlifanye kichwani, msimwandikie, kwani kila jibu linamthibitishia kuwa anuani yenu ina mtu. Kisha fungueni barua ya kwanza mbofye sehemu ya kujibu, bila kutuma chochote: mara nyingi anuani inayotokea si ile iliyoandikwa juu. Tazameni pia kama mlitajwa kwa jina au ni "mpendwa katika imani". Uandishi wao mbovu nao una faida kwao. Mtafiti Cormac Herley wa Microsoft alieleza mwaka 2012 kwamba hadithi isiyoaminika huwachuja wenye shaka mapema, wakabaki wale watakaolipa.

Ama dhima ya zile 390,000. Mwenye amana halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Fedha ya bati kuitoa kwa jambo lisilo bati, bila idhini ya waliochanga, ni kuvuka mpaka, hata nia ikiwa msikiti. Kwa hiyo inalipwa. Upinzani wako unakupunguzia lawama mbele ya Allah, inshallah, lakini fedha ilitembea kwa saini yako, na kumwonea haya mwenyekiti si kulazimishwa. Saini ni tatu: kila mmoja 130,000. Kamati haina mamlaka ya kujisamehe, kwa kuwa mali si yake. Kama huna, lipa kidogo kidogo. Vijana wa dagaa wenyewe hulipana giza kwa giza, yaani kila kipindi cha usiku usio na mbalamwezi wanapovua, wala hawatakushangaa ukiomba hivyo. Ukishindwa kabisa, wenye zaka wanaweza kukupa katika fungu la wenye madeni, kwani hukukopa kwa maasi.

Sasa fanya haya, na uanze leo. Nenda na risiti kwa wakala mliyetumia: kama fedha haijachukuliwa, muamala hufutwa kwa namba yake ya kumbukumbu, ikishachukuliwa, basi. Nenda polisi ukachukue RB, namba ya taarifa yako, na uchapishe barua zote, kwa sababu kosa hili limo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kama kuna namba ya simu ya Tanzania waliyoitumia, itume 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Badili nywila ya barua pepe ya madrasa. Kama mliwapa namba ya akaunti na kitambulisho, iarifuni benki, na ikiingia fedha msiyoijua msiihamishe popote kwa maelekezo yao. Akaunti za taasisi za dini hutumiwa kupitishia fedha za wizi, na aliyepitisha ndiye anayekamatwa. Atakuja pia mtu mwingine akijiita polisi wa kimataifa au wakili wa kurejesha fedha zenu, kwa ada ndogo. Ni wale wale.

Waliochanga waambiwe Ijumaa hii, kwa hesabu kamili, na mwenyekiti aseme mwenyewe. Akikataa, sema wewe na mweka hazina. Akina mama wa mawese watakasirika, na wana haki. Usijiuzulu ukatibu kwa aibu. Wewe peke yako ndiye uliyepinga, na fedha za bati zilizobaki zinamhitaji mtu wa namna hiyo. Wallahu a'alam.