Jibu: Halloween kwa watoto wadogo bila kuzunguka mitaani

Dada, umeuliza mfanye nini huko Marekani jioni ya tarehe 31 Oktoba, yaani Halloween, sikukuu ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kuomba pipi, ikiwa hutaki watoto wako wa miaka mitatu na mitano wapite nyumba kwa nyumba gizani wakiomba pipi. Wasiwasi wako una msingi, ingawa kinachodhuru watoto usiku ule ni magari zaidi kuliko zile hadithi za watu kuwapa watoto pipi zenye sumu.

Mimi ningeanza na sherehe za kwenye maegesho, ambazo makanisa na shule nyingi huandaa: magari hupangwa kwa safu, buti (sehemu ya nyuma ya kuwekea mizigo) hufunguliwa na kupambwa kwa maboga na utando wa buibui wa bandia, na watoto hupita kutoka buti moja hadi nyingine wakipewa pipi, pasipo gari lolote kutembea. Nyingi hufanyika mapema, giza likiwa bado halijaingia, na mara nyingi hazina kiingilio. Ulizia pia kwenye maktaba ya umma iliyo karibu nanyi, kwani baadhi huwa na saa ya hadithi ambapo watoto huja wamevaa mavazi yao ya kuigiza.

Mkibaki nyumbani, wape maboga wayapake rangi badala ya kuyachonga kama ilivyo desturi ya Halloween, maana kisu na mikono midogo havipatani. Rangi ya usoni ni bora kuliko barakoa inayoziba macho. Pipi ngumu na karanga nzima huweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka minne. Hizo, nakushauri, uzile mwenyewe wakishalala.