Milinganyo mitano, visivyojulikana vitano, na modeli bado inagoma

Modeli, yaani mfumo halisi ulioandikwa kama milinganyo ili kompyuta iutatue, ikigoma, watu wengi huhesabu tu: milinganyo mingapi, visivyojulikana vingapi. Vikilingana, wanaanza kulaumu programu. Idadi peke yake haisemi kitu. Chora grafu, yaani mchoro wa nukta na mistari unaoonyesha mlinganyo upi una kisichojulikana kipi.

Chukua mfumo wa kawaida wa Kigoma mjini, ziwa liko chini na nyumba zimepanda mlima. Pampu inatoa maji Ziwa Tanganyika, inayapandisha mita 40 hadi kwenye tangi, na mtaa unachota humo. Q ni lita kwa sekunde zinazoingia tangini, H ni hedi ya pampu, yaani kimo inachoweza kuinua maji, kwa mita, m ni mita zinazoliwa na msuguano wa bomba, T ni lita kwa sekunde zinazotoka, A ni eneo la tangi kwa mita za mraba, c ni namba isiyobadilika, na k ni kasi ya kupanda kwa kina d cha maji tangini, milimita kwa sekunde.

(1) H = 60 − 2Q²
(2) H = 40 + m
(3) m = 3Q²
(4) A·k = Q − T
(5) T = c√d

Angalia: d haimo kwenye visivyojulikana. Kina cha sasa tunacho kutoka hatua iliyopita ya muda. Tunachotafuta ni k.

Andika milinganyo kushoto, H, Q, m, T na k kulia, kisha unganisha kila mlinganyo na vilivyomo ndani yake. Halafu ozesha kila mlinganyo na kisichojulikana kimoja, mmoja kwa mmoja, ukianza na asiye na uchaguzi: (5) inachukua T, na k haina mwingine ila (4). Zilizobaki: (1) na H, (2) na m, (3) na Q. Ndoa zimetimia.

Sasa mtu anafuta (5) kwa bahati mbaya, na kwa kuwa amepima bomba anaongeza (6) Q = 1.8. Bado ni tano kwa tano! Lakini (1), (2), (3) na (6) zinagombania H, Q na m tu, wanne kwa watatu, huku (4) ikibaki na T na k peke yake. Mgawanyo wa wanahisabati Dulmage na Mendelsohn wa mwaka 1958 unatenga makundi haya mawili, lililozidi milinganyo na lililopungukiwa, nawe unajua pa kutazama. Hata kama angepima 2.0, jibu sahihi kabisa la (1) hadi (3), muundo ungebaki mbovu.

Turudi kwenye modeli nzima. (1) inataka Q, (3) inayotoa Q inataka m, na (2) inayotoa m inataka H. Hicho ni kitanzi, na algorithimu (utaratibu wa hatua za kompyuta) ya Tarjan ya mwaka 1972 hukipata haraka hata kwenye maelfu ya milinganyo. Usikitatue kwa visivyojulikana vitatu kwa pamoja: kisia Q, pata H na m, kisha pima pengo kwenye (2), yaani 20 − 5Q². Kwa njia ya Newton, inayosahihisha kisio kwa kufuata mteremko wa pengo, ukianza na 1 unapata 2.5, kisha 2.05, kisha karibu 2. Ukianza na 0, mteremko ni sifuri na programu inakufa palepale. Ukianza na −1 unaishia −2, maji yanarudi ziwani na msuguano unayasukuma. Ndiyo sababu kwenye (3) ni salama kuandika Q|Q| badala ya Q², |Q| ikiwa Q bila alama ya kutoa, ili msuguano upinge maji kokote yaendako. Umeme ukikatika, (1) inakuwa Q = 0 na kitanzi kinafunguka chenyewe, kwa hiyo grafu ichorwe upya kwa kila hali.

Matangi mawili yaliyoungwa chini kwa bomba nene yanaleta d₁ = d₂, mlinganyo usio na mchumba, maana vyote viwili tumeshavijua. Dawa ni kulinganisha kasi zao, k₁ = k₂, na kuacha kina kimoja tu cha kukumbukwa kutoka hatua iliyopita. Algorithimu ya Pantelides ya mwaka 1988 huonyesha ni milinganyo ipi ifanyiwe hivyo, na OpenModelica, programu ya kutatua modeli ambayo ni ya bure, hushughulikia hali hii yenyewe. Kubandika msuguano mdogo wa uongo kati ya matangi kunapitisha modeli, ila hatua za muda zinakuwa ndogo mno hadi kompyuta inatambaa.

Grafu haioni namba. x + y = 1 na 2x + 2y = 2 zinapata ndoa vizuri, ingawa ni mlinganyo mmoja ulioandikwa mara mbili. Hilo hutokea sana kwenye mzunguko wa mabomba uliofungwa usiotajwa presha ya sehemu hata moja: ndoa zote zimetimia, lakini matriki (jedwali la namba za milinganyo) haina kinyume, hivyo hakuna jibu moja. Hapo weka presha ya nukta moja, kisha ondoa mlinganyo mmoja wa jumla ya mtiririko (maji yanayoingia sawa na yanayotoka).