Wadogo zangu wa lishe, ulizeni kwanza anakula nini

Kila kundi jipya la intanishipu likiingia kliniki, wiki haiishi nishaona yaleyale. Someni haya kabla hamjashika fomu.

1. Usimpangie mtu mlo hujajua anakula nini. Juzi kijana wa bodaboda alikaa mbele ya mwenzenu, presha 150 kwa 100, miaka thelathini hajafika. Mwenzenu kasoma sana habari za bakteria wa utumbo, na ni mwepesi wa kuelewa, nampenda kwa hilo. Akamwandikia shayiri, lozi, mtindi wa Kigiriki na matunda ambayo sokoni kwetu hayapo. Kijana akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akasema, "Asante, daktari." Nikamwomba akae tena. Jana asubuhi ulianza na nini? Chapati na chai ya maziwa. Mchana? Chipsi mayai, palepale kijiweni. Chumvi je? "Naongeza kidogo, dada." Usiku? Ugali na maharage, kwa mama yake. Jamani, maharage anakula tayari! Tukakubaliana mchana ahamie kwa mama ntilie, wali maharage na mchicha, na kopo la chumvi asiliguse. Iliniuma, maana angeondoka na ile karatasi tu, tusingemwona tena hadi moyo au figo zimeshaharibika.

2. Kumpangia kila mtu mlo wake kivyake kuna msingi. Utafiti wa PREDICT 1 wa mwaka 2020 ulionyesha hata mapacha wa kufanana hutofautiana jinsi sukari na mafuta ya damu vinavyopanda baada ya mlo uleule. Lakini bakteria wa utumbo wanaotengeneza butireti, asidi inayolisha ukuta wa utumbo, wanataka makapimlo (nyuzinyuzi za chakula), na hayo yamo kwenye kunde na mboga anazozijua mgonjwa wako.

3. Someni utafiti wa Kilimanjaro uliotoka 2025, wanaume 77. Wa kijijini walikula mlo wa Kimagharibi wiki 2 tu, viashiria vya inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili) kwenye damu vikapanda, na mabadiliko mengine yalikuwepo bado wiki 4 baadaye. Wa mjini waliorudi kwenye vyakula vya asili, vikashuka. Mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi, nayo ilipimwa ikafanya vizuri, ila ni pombe, msiwaandikie watu.

4. Kabla ya kusoma kipimo cha choo cha bakteria wa utumbo, uliza kama ametumia antibiotiki, maana huwaua hao pia.

5. Presha ipimwe mtu ametulia dakika 5, mkono umeegemezwa. Ikibaki juu, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Akiandikiwa dawa, msaidie kula vizuri huku anazimeza. Kumwachisha si kazi yako.